Mbegu zangu za avokado zimekataa kuota, nisaidieni kabla ya Ijumaa

JuisiBaridi
Wadau, hamjambo. Nina kibanda cha juisi hapa Umoja na kila jioni natupa makokwa ya avokado na maembe. Nikaona pesa inaenda jaa. Nikachagua makokwa makubwa ya Hass, ile aina ya avokado inayouzwa nje, nikayaosha, nikayaanika juu ya paa la ploti hadi yakakauka kabisa, kisha nikayapanda kwenye pakiti za maziwa, udongo na samadi safi. Hakuna hata moja lililotoka. Machache niliyopanda yakiwa bado mabichi yamechipuka vizuri. Kwa maembe nimeona maajabu, kokwa moja limetoa miche mitatu. Swali langu ni moja: kuna dawa gani ya kuamsha yale yaliyokauka? Nijibiwe kabla ya Ijumaa tafadhali.

Ras_Kayole
Yawekee alamu ya simu.

MamaPili
Mwanangu, mimi nilipanda kokwa la avokado nyuma ya nyumba kule Kangundo nilipoolewa. Mti ulianza kuzaa watoto wangu wakiwa sekondari, na matunda yenyewe yalikuwa nyuzi tupu, hata majirani hawakuwahi kuja kuomba. Na kokwa nililipata kwenye avokado tamu kuliko zote nilizokula. Nyinyi vijana mnataka kila kitu kwa Ijumaa.

Mwalimu_Mstaafu
Hakuna dawa, ndugu yangu. Hizo zimekufa.

Mbegu hazina tabia moja. Za mahindi, maharagwe na sukuma wiki zikikauka hulala, na ukizitunza pakavu zinaota hata miaka ikipita. Za parachichi, embe, fenesi na kakao hazina huo usingizi. Zinatoka kwenye tunda zikiwa na maji mengi na uhai unaendelea ndani. Zikikauka, kiinitete, yaani mche mchanga uliomo ndani, kinakufa. Pale juu ya paa ulikuwa unaziua kwa bidii.

Tena hayo unayoyaita makokwa si kitu kimoja. Tunda ni ovari ya ua iliyokomaa, na ukuta wake hugawanyika tabaka tatu. Katika embe, tabaka la nje ni ganda, la katikati ni nyama, la ndani ni lile gumu lenye nyuzi. Kwa hiyo kokwa la embe bado ni tunda. Mbegu imo ndani yake, ndiyo maana wenye vitalu hulipasua taratibu na kuitoa kabla ya kupanda. Tunda la namna hiyo huitwa drupu. Nazi nayo ni drupu, ila tabaka lake la katikati ni makumbi. Parachichi ni beri, yaani tunda lisilo na tabaka gumu ndani, nayo ni ya mbegu moja. Tabaka la ndani ni jembamba hata hulioni, na lile duara unalolitoa kwa kisu ni mbegu yenyewe, karibu yote ni kotiledoni mbili, yaani akiba ya chakula cha mche.

Ras_Kayole
Avokado ni beri? Mwalimu, chai ya leo umetiliwa nini?

Mwalimu_Mstaafu
Nyanya pia ni beri. Ndizi ni beri. Pilipili hoho ni beri. Stroberi ndiyo si beri: ile nyama nyekundu ni kikalio cha ua kilichovimba, na vile vitone vya juu ndivyo matunda, kila kimoja na mbegu yake. Na punje ya hindi ni tunda zima, ukuta wa tunda umeshikana na ganda la mbegu hata huwezi kuvitenganisha kwa mkono. Haragwe ni mbegu tu, tunda lake ni lile ganda ulilolimenya.

Ras_Kayole
Kwa hivyo githeri ni saladi ya matunda na mbegu. Miaka yote hii nimekuwa nikila lishe ya matajiri bila kujua.

SheriaTu
Kuhusu nyanya, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1893. Waagizaji walitaka iitwe tunda kwa sababu mboga zilitozwa ushuru na matunda hayakutozwa. Majaji wakakubali kwamba kwa wataalamu wa mimea ni tunda, lakini sokoni na mezani ni mboga, basi ilipiwe ushuru. Kesi nzuri sana ya tafsiri ya sheria, niliwahi kuitumia katika

MamaPili
SheriaTu, hakuna aliyeshtakiwa hapa.

Bi_Korosho
Mimi wa Kilifi. Mngeona mkorosho mngechanganyikiwa zaidi. Bibo lile jekundu lenye majimaji watoto wanaloliita tunda ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda halisi ni lile figo dogo linaloning'inia chini yake, na korosho unayokula imo ndani. Ganda lake lina mafuta yanayobabua. Marehemu nyanya yangu alikuwa akizikaanga mbali na nyumba, na sisi wajukuu tukifukuzwa tusikaribie moshi.

MamaPili
Pole kwa nyanya, dadangu. Wewe JuisiBaridi, umetuwacha na Ijumaa yako. Mtu wa ploti ya Umoja anapanda avokado wapi, kwenye ngazi? Hiyo miche ni ya nani?

JuisiBaridi
Ni ya biashara tu mama. Ndogo.

MamaPili
Nimeuliza ya nani.

JuisiBaridi
Sawa. Shemeji yangu ana chama huko Murang'a, wanataka kupanda Hass. Niliwaambia nina miche. Wametuma deposti kwa M-Pesa na Ijumaa wanakuja na pikapu. Lakini msinihukumu, sikusema popote kwamba ni ya grafti, ile inayobebeshwa kikonyo cha mti mwingine. Nilisema ni Hass, na ni Hass kweli, nimeitoa ndani ya Hass kwa mkono wangu mwenyewe. Hizo mbichi zilizochipuka zinatosha nusu ya oda. Nilitaka tu kufufua hizo zingine.

Ras_Kayole
Kumbe tulikuwa tunafanya postimotamu.

Mtoto_wa_Kandara
Kaka, na deposti umeshakula?

JuisiBaridi
Nimelipa kodi ya kibanda. Hiyo si kula.

Mwalimu_Mstaafu
Hapa ndipo shida yako ilipo, wala si kwenye kukausha. Ile nyama unayosaga kwenye blenda ilitengenezwa na mti mama peke yake, ni ukuta wa ovari yake. Ndiyo maana matunda yote ya Hass yana ladha moja, hata chavua itoke wapi. Mbegu ni habari nyingine, ina mama na baba.

Na parachichi halipendi kujichavusha. Ua lake hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, linajifunga, siku ya pili linafunguka likiwa la kiume. Hass hufungua ua la kike asubuhi. Fuerte, ambayo imejaa mashambani kwetu, asubuhi hiyohiyo inakuwa imefungua maua ya kiume. Nyuki anamaliza kazi. Mche wa kokwa la Hass unaweza kuzaa chochote, na utajua baada ya miaka mingi, kama ilivyokuwa kwa Mama Pili.

JuisiBaridi
Mwalimu nakuheshimu, lakini Hass yenyewe ilitoka wapi? Nimesoma. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko California, akapanda mbegu ambayo hata mama yake hajulikani, akapata mti bora, akauandikisha hataza mwaka 1935. Alipanda mbegu kama mimi! Pengine kwenye hizi pakiti zangu kuna Hass mpya.

Mtoto_wa_Kandara
Pengine ipo. Chama kimelipia pengine? Kila Hass iliyopo duniani leo imetokana na kikonyo kilichokatwa kwenye ule mti mmoja, au kwenye watoto wake wa grafti. Ule mti wenyewe ulikufa mwaka 2002. Kwetu Kandara hata mtoto wa shule anajua hakuna Hass ya kokwa.

SheriaTu
Na usijifiche nyuma ya "sikusema grafti". Mnunuzi wa mche wa Hass anatarajia mti utakaozaa Hass. Pia kuuza miche ya matunda kunahitaji kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa, waulize KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa serikali. Shemeji akikasirika hilo litakuwa jambo la kwanza kutajwa.

Mpelelezi254
Wadau mnalishwa hekaya na mnaomba nyongeza. Hebu someni tena alichoandika mwanzo. Moja, Hass nyingi inapandishwa meli kwenda ng'ambo, mtu wa kibanda Umoja anaipata wapi gunia zima? Mbili, kokwa moja la embe limetoa miche MITATU. Embe lina mbegu moja. Hata mtoto anajua mbegu moja mche mmoja. Tatu, Mwalimu anatokea kila mara na jibu refu lililoandaliwa. Mimi naona hapa ni mtu mmoja na akaunti mbili, anatufundisha bayolojia kwa lazima.

Ras_Kayole
Nilishangaa pia. Mwalimu gani wa Kenya anajibu bila kuitisha pesa ya tuisheni?

JuisiBaridi
Mimi ni mtu wa kweli jameni, njooni kibandani! Hass ile iliyokataliwa na wanunuzi wa kupeleka nje kwa sababu ya alama au udogo inashuka soko la Marikiti, naichukua kwa bei ya chini. Naijua kwa ganda, lina vipele na huwa jeusi ikiiva. Na hiyo miche mitatu nimeiona kwa macho.

Mwalimu_Mstaafu
Mpelelezi, umeshika kitu kilicho kweli kuliko vyote. Yako maembe, hasa ya asili ya kusini mashariki mwa Asia, ambayo mbegu yake moja hubeba viinitete kadhaa. Kimoja huweza kuwa cha uchavushaji. Vingine huota kutoka kwenye tishu za mama ndani ya mbegu, havina baba kabisa, na ni nakala ya mti mama. Maembe mengi ya ukoo wa India ndiyo huwa na kiinitete kimoja. Mtu anayetunga hadithi asingeweka hilo, kwa sababu kila msomaji atamwona mwongo, kama ulivyomwona.

Ona ulivyo, JuisiBaridi. Embe lile unalolishangaa ndilo mbegu yake inaweza kumrudia mama, na avokado uliloliuza ndilo haliwezi.

Mpelelezi254
Jibu refu lingine. Nimenyamaza lakini sijaamini.

MamaPili
Sasa wewe, pigia shemeji simu leo. Mimi sitaki kusikia pikapu imetoka Murang'a bure.

JuisiBaridi
Mama, nikimpigia atataka deposti. Mbona nisiwape hizi zilizoota kwa bei ya chini, niwaambie ni za majaribio?

Mtoto_wa_Kandara
Sikiza kaka. Hizo zilizoota si takataka. Mche wa kokwa ndio unaotumiwa kuwa shina la chini, na juu yake unabebeshwa kikonyo cha Hass. Hivyo ndivyo vitalu vingi vinafanya. Mwambie shemeji ukweli: una mashina, hayajabebeshwa, na Ijumaa hakuna kitu. Akikubali kungoja, vikonyo vitafutwe kwenye mti wa Hass unaojulikana, KALRO Kandara, kile kituo cha utafiti wa kilimo, watawaelekeza. Mimi naweza kukuonyesha kukata, ni kisu kikali na mkono usiotetemeka.

JuisiBaridi
Na ile karatasi ya kufungia? Nina nailoni nyingi za kupakia juisi.

Mtoto_wa_Kandara
Kata ukanda mwembamba, safi, itafaa. Lakini usikimbilie, shina lifike kwanza unene wa penseli.

JuisiBaridi
Penseli ya darasa la kwanza au ya fundi wa mbao?

Mtoto_wa_Kandara
Ya darasa la kwanza. Umempigia?

JuisiBaridi
Nimemtumia meseji. Tiki mbili za bluu, ameisoma, hajajibu.

Ras_Kayole
Huyo yuko njiani na pikapu.