Mume mgeni na mke mgeni: kwa nini sheria ya uraia inawapima kwa mizani tofauti?

DadaKigamboni
Wadau habari za saa hizi. Naomba mjadala wa watu wazima. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inasema mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu tu ni mke wa mtu. Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hayumo. Yeye anaingia njia ndefu ya watu wote, miezi 12 ya mwisho akae nchini mfululizo, na ndani ya miaka kumi kabla ya hapo awe amekaa jumla si chini ya saba, ndo aombe, na Waziri akimkatalia halazimiki hata kutoa sababu. Mume wangu ni Mjerumani, tuna watoto wawili, kila kibali chake kikikaribia kuisha nyumbani hakulaliki. Juzi kwenye ofisi moja nimepanga foleni toka asubuhi, kufika dirishani mkaka anafungua faili, anatafuta ile barua ya serikali ya mtaa, hata hanitazami, ananiuliza "sasa mama kwa nini usiende wewe kwao?" Swali langu: kaka yangu akioa Mjerumani, yeye ni Mtanzania kunizidi mimi?

ChumaChaReli
Mkaka wa dirishani kakujibu vizuri tu, ulitaka akwambie nini? Mwanamke akiolewa anafuata mume, iwe Ukerewe iwe Ujerumani. Ndo mila ya Mwafrika hiyo toka mababu. Mambo ya haki sawa pelekeni huko huko kwa mashemeji zenu.

MluguruKinole
Mila ya Mwafrika yupi mkuu? Maana kwetu Uluguru mwanaume ndo alikuwa anahamia kwa mke, shamba la ukoo wa mama, watoto wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Wewe baba mtu unalima miaka yote halafu siku ya siku unaambiwa kusanya nguo zako. Wakaguru hivyo hivyo, Wamakua, Wamwera, Wamakonde. Sasa sisi siyo Waafrika? Tuoneshe kibali chako cha kusemea bara zima.

ChumaChaReli
Ndo maana hamjaendelea 😂😂

MluguruKinole
Maji unayooga hapo Dar yanatoka milima ya Uluguru. Ukimaliza kuoga urudi tuongee maendeleo.

KijukuuWaMangi
Hahaha huyu kamaliza. Ila mimi niko na Chuma kwenye jambo moja, ardhi. Mkifungua huo mlango mtaona watu wanaoa hapa kila Ijumaa ili wapate viwanja. Mzungu anakuja na begi la mgongoni, baada ya miaka miwili ana heka ishirini Arusha kwa jina la shemeji yetu.

DadaKigamboni
Kijukuu sasa si umejijibu mwenyewe? "Kwa jina la shemeji yetu." Sheria ya Ardhi ya 1999 imeshasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Na kama ndoa ni njia ya wizi wa ardhi, mbona mke mgeni mmemwekea mlango kabisa? Huyo akipata uraia ananunua kiwanja kwa jina lake mwenyewe. Mwizi ana jinsia?

BintMkunazini
Mimi niko huku Unguja nawaangalia tu. Njooni Nungwi muone. Kijana wa bichi anaoa bibi wa Kiitaliano umri wa nyanya yake, wote tunajua kilichompeleka pale, lakini kwa sheria hii yule bibi ana njia fupi ya uraia kwa kuwa yeye ni "mke". Halafu daktari aliyeoa dadaangu, anatibu watu wetu, anazungumza Kiswahili kuliko hao vijana, yeye aambiwe subiri. Eti hapo ndo tunalinda nchi.

ChumaChaReli
Bint usitukane vijana wa watu, kila mtu ana riziki yake. Kwanza mapenzi hayana umri.

BintMkunazini
Heee! Yaani kwa vijana wa Nungwi mapenzi hayana umri, kwa dada wa Kigamboni mapenzi yanataka miaka saba.

JiraniNairobi
Jambo majirani. Kwetu hii mambo tulimaliza 2010 na katiba mpya. Ukioa ama uolewe na Mkenya, ndoa ikifika miaka saba unaomba kusajiliwa kuwa raia, haijalishi bibi ama bwana. Na Mkenya wa kuzaliwa akichukua uraia wa nje hapotezi wa Kenya. Kabla ya hapo akina mama wetu walikuwa na shida kama hiyo yenu. Mambo ikabadilika na mbingu haikuanguka.

KijukuuWaMangi
Nyie si ndo mlimpakia Miguna, yule mwanasiasa wa upinzani, kwenye ndege 2018 mkamfukuza nchini na huo uraia wenu wa kuzaliwa?

JiraniNairobi
Hiyo ni siasa bana, na mahakama ilisema ni makosa. 2022 alirudi.

KijukuuWaMangi
Miaka minne ya kumsubirisha mtu halafu unatufundisha sisi. Basi sawa, jirani.

PwaniYaHamburg
Ngoja na mimi nichangie maana naona mnazunguka. Tatizo kubwa siyo mume wala mke, ni kwamba Tanzania haitaki mtu mzima awe na pasi mbili. Mimi nimeolewa Ujerumani, nina miaka mingi hapa, nalipa kodi, nataka kupiga kura hapa. Zamani Wajerumani wenyewe walikuwa wanataka uachie uraia wa kwenu. Toka Juni 2024 wamebadilisha sheria, wanasema chukua wa kwetu baki na wako. Sasa anayenizuia siyo Mjerumani tena, ni nyumbani. Nikiapa tu hapa, kule kwa mama yangu mimi ni mgeni, natua na mume wangu na watoto tunalipa viza dola 50 kila mmoja kwenda kusalimia kaburi la baba.

ChumaChaReli
Dola 50 inakuuma na unaishi Hamburg? Desemba mnakuja na manukato ya ofa, mnakaa kwenye foleni mnajipepea na pasi, "jamani Dar joto", sisi ndo tunabaki na nchi hii na mgao wake na mafoleni yake. Uraia siyo kadi ya benki kwamba uwe nazo mbili moja ikigoma utumie nyingine.

PwaniYaHamburg
Manukato ya ofa?? Kaka, bima ya mama nalipa mimi, paa la nyumba nimebadilisha mimi, ada za watoto wa kaka zangu wanaoongea kama wewe nalipa mimi. Msimu wa msiba ndo usiseme, kila wiki naunganishwa kwenye grupu la michango la mtu ambaye sijawahi hata kumuona. Hapo siitwi mgeni.

MluguruKinole
Dada wa Hamburg pole. Ila na wewe hiyo ya kutaja kila ulichotoa... kwetu ukimsaidia mama yako hutangazi.

PwaniYaHamburg
Kwenu si mnafukuza wanaume na nguo zao, niache.

MluguruKinole
Hatufukuzi! Nilisema ZAMANI, na ni pale mtu akileta ujeuri. Siku hizi watu wanachanganya, wengine wanafuata sheria za dini kwenye mirathi, wengine wamehamia mjini, lakini shamba la ukoo bado ni shamba la ukoo. Nisomeni vizuri jamani.

MzeeWaFaili
Wanangu nimekaa nasoma. Serikali imeshaleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, Bunge limepitisha mabadiliko mwanzoni mwa 2025, yamegusa sheria ya uhamiaji na ya ardhi. Kwa hiyo dada wa Hamburg ukichukua uraia wa huko siyo kwamba umefungiwa kabisa. Lakini nakiri, siyo uraia. Hupigi kura. Na woga wa uraia pacha siyo wa leo, tumepakana na nchi nane, tumepokea wakimbizi toka uhuru, watu wa Kigoma na Kagera wanajua maana ya kuulizwa babu yako kazikwa wapi. Hata Jenerali Ulimwengu, mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, mwaka 2001 aliambiwa si raia. Tusilichukulie jepesi.

BintMkunazini
Mzee shikamoo. Lakini mfano wako unaonesha kinyume. Ulimwengu hakuwa na mume Mjerumani. Yule alikuwa anaandika magazetini, anaikosoa serikali. Kumbe uraia wetu unachukulika hata ukiwa nao mmoja.

MzeeWaFaili
Marahaba. Hapo sina la kukubishia, ila sikusema hivyo.

DadaKigamboni
Jamani mimi niliuliza kuhusu MUME. Sijaomba pasi mbili, mume wangu akipewa ya Tanzania yuko tayari kuweka ya kwao mezani. Niliuliza kifungu cha 11 kiandikwe "mwenzi" badala ya "mwanamke", neno moja. Na nijue kabisa, watoto wangu wanafanyaje? Wana pasi zote mbili sasa hivi.

PwaniYaHamburg
Watoto hawana shida mpaka 18. Wakifika hapo wanatakiwa wachague, wakitaka ya Tanzania waikane ile nyingine. Wangu wa kwanza yuko form three, ameshaniambia atachagua ipi na siyo ile ninayoitaka.

ChumaChaReli
Si ndo hapo sasa. Mnazaa Watanzania halafu wanachagua kwao na baba. Nilisema nini mwanzo? Wanafuata mume.

DadaKigamboni
Wanafuata nchi ambayo haikumuuliza mama yao dirishani kwa nini haondoki, Chuma. Na wangu wako Kigamboni, Yanga damu, wewe endelea.

KijukuuWaMangi
Yanga tena? Basi nchi imeshauzwa.

JiraniNairobi
😂😂 Sasa mume ni Yanga pia? Hapo hata Kenya tungemnyima.

KijukuuWaMangi
Mluguru bado upo? Hiyo ya kuhamia kwa mke, na shamba unapewa la kulima? Maana mimi ni mtoto wa mwisho lakini kaka zangu wameshagawana kihamba, yaani shamba letu la ukoo Uchagani, nina shida ya kweli siyo utani.

MluguruKinole
Njoo Kinole. Baba yako abaki Moshi, uje na mjomba wako.