Re: Pesa za karo na tangi zimezuiliwa benki Mombasa, nani amepitia haya?

Binti Kisauni (Leicester)

Assalaam aleikum ndugu zangu,

Naomba msaada wa haraka. Wengi wenu mwaujua mfuko wetu: kinamama wa hapa Leicester twachanga kila mwezi, nusu karo za watoto wa Kinango, kule Kwale, nusu mradi wa shule. Safari hii mradi ni tangi la lita 10,000 pamoja na mifereji ya kukinga mvua kutoka paa la madarasa. Watoto wa shule ile kila mmoja hutoka kwao asubuhi na kidumu cha lita 5, mkoba mgongoni na kidumu mkononi, na hayo ndiyo maji ya kupikia uji na kunawia mikono. Asiyekuwa na kidumu huona haya kuingia darasani.

Pesa tulizituma kwa akaunti ya kikundi, tawi la Mombasa, kabla shule kufunguliwa Januari hii. Zimeingia na zimefungwa. Benki yasema cheti cha kikundi kimeisha muda, na yataka barua ya kuonyesha chanzo cha fedha. Ofisi ya kuhuisha cheti nayo yataka stetimenti ya benki ya karibuni. Benki haitoi stetimenti kwa kikundi ambacho cheti chake kimeisha. Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, apanda matatu kutoka Kinango, avuka Likoni, apanga foleni, na kila dirisha lamwambia aanzie dirisha lingine.

Swali langu ni moja: hiyo barua ya chanzo cha fedha, sisi ambao hatujasajiliwa hapa Uingereza twaiandikaje, na nani atie saini ili benki iikubali? Kuna wasichana wawili wa Gredi ya 10, wamepangiwa bweni na mpaka leo hawajaripoti.

Mtu wa Majengo (Hamburg)

Wa aleikum salaam dada, pole sana. Mzizi wa shida ni kukaa bila usajili. Sisi hapa tulifungua Verein, yaani chama kilichosajiliwa Ujerumani. Mwahitaji waanzilishi 7, katiba, mthibitishaji wa saini, mahakama yawaandikisha, kisha Finanzamt, ofisi ya kodi, yawatambua kuwa kazi yenu ni ya hisani. Tangu hapo tukituma pesa za madawati kule Ganze hakuna anayetuuliza swali, karatasi ina stempu na nambari. Sajilini charity wiki hii, na kikundi cha Kinango mkigeuze kiwe NGO, mambo yatafunguka.

Mwana wa Mji wa Kale (London)

Kaka, tafadhali, usimtie dada kwenye shimo lingine. Kwa England na Wales, shirika la hisani lenye mapato chini ya pauni 5,000 kwa mwaka halilazimiki kujisajili Charity Commission, msajili wa mashirika hayo, isipokuwa likiwa CIO, aina ya shirika la hisani lenye nafsi yake kisheria, hiyo husajiliwa hata kama ina pauni kumi. Scotland ndiko hakuna kiwango cha chini. Kwa hivyo kinamama wa Leicester hawajavunja chochote.

Na hiyo NGO ya Kenya unayoitaja haiko tena. Sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ile ya NGO ya 1990 ikaondoka. Kikundi cha kijiji kiko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo watu 10 watosha kuandikisha. Hizo ni njia mbili tofauti, ofisi tofauti, fomu tofauti. Kumwambia mama wa Kinango ahamie PBO leo ni kumwongezea safari za matatu.

Ila dada, mbele ya safari fikirieni kusajiliwa. Mkitambuliwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, Gift Aid, nyongeza ya serikali kwa michango, huongeza peni 25 kwa kila pauni anayotoa mlipa kodi, bila yeye kuongeza kitu. Hiyo ni pesa ya watoto mnayoiacha mezani.

Mtu wa Majengo (Hamburg)

Sikusema wamevunja sheria. Soma nilichoandika. Nimesema benki huheshimu stempu, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Fundi Likoni (Minneapolis)

Nyote mwamlaumu dada na kumbe mambo yamebadilika dunia nzima. Kenya iliwekwa Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu. Tangu hapo benki zabana kila pesa inayotoka nje kwenda kwa kikundi, maana hazitaki kuulizwa. Na huku Marekani tumeongezewa kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kuanzia 1 Januari 2026.

Usajili nao una mitego yake. Kikundi chetu hapa kilikuwa na 501(c)(3), hadhi ya hisani isiyolipa kodi, mweka hazina akahamia jimbo lingine, fomu ya 990-N, taarifa ya kila mwaka kwa ofisi ya kodi, isipelekwe. Ni fomu fupi ya mtandaoni, dakika chache tu. Ikikosa kupelekwa miaka 3 mfululizo hadhi yafutika yenyewe, na ndivyo ilivyotufika. Mradi wa visima ulisimama katikati, watu wamekwisha kuchimba. Kwa hivyo anayesema sajilini, aseme pia nani atakayelinda usajili huo kila mwaka.

Dada, kwa nini msitumie M-Pesa tu?

Mwana wa Mji wa Kale (London)

Ile asilimia 1 ni kwa anayelipa kwa noti mkononi, au hundi za aina fulani. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki au kadi yako ya Marekani haikuhusu. Watu waacha kutuma nyumbani kwa sababu ya habari nusu kama hizi.

Na M-Pesa akaunti haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na kila muamala mwisho 250,000. Isitoshe pesa zake ziko benki tayari. Atazitoaje huko azitie M-Pesa ilhali zimefungwa?

Mwalimu Mstaafu (Mombasa)

Wanangu, salaam kutoka Tudor. Nimefundisha bara ya Kwale miaka mingi, hebu nisikilizeni kidogo.

Karo na tangi visichanganywe. Karo haina haja ya kupita kwa kikundi hata kidogo. Kila shule ya upili ina akaunti yake, na barua ya kujiunga ina nambari ya akaunti na kiwango cha karo. Kwa shule zilizokuwa za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na muhula wa kwanza ndio mkubwa. Binti Kisauni, wasichana wale lipieni moja kwa moja kutoka huko mliko, jina la mtoto na nambari yake ya usajili ziandikwe kwenye maelezo, kisha shule itoe risiti. Mwalimu mkuu mpigieni simu leo mumwambie pesa ziko njiani. Wengi huwapokea.

Tangi ni jambo lingine kwa sababu linasimama kwenye ardhi ya shule. Hapo mwahitaji muhtasari wa mkutano wa BOM, bodi ya shule, uliopitisha mradi, saini ya mwenyekiti na ya mwalimu mkuu. Bila huo, hata pesa zikifunguliwa, mtaulizwa nani aliwaruhusu.

Na tulieni hapo kwenye msingi. Nimeona matangi ya plastiki yakipasuka kwa sababu fundi aliweka mawe na mchanga bila kusawazisha. Lita 10,000 ni tani 10 za maji. Msingi wa zege, nondo ndani, upana uzidi tangi.

Mjukuu wa Bi Kizee (Toronto)

Shikamoo Mwalimu. Umesema Tudor moyo umenipasuka. Hapa theluji imefika dirishani na mimi nawaza jioni ya Mama Ngina, mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, upepo wa Kilindini.

Lakini swali langu ni gumu zaidi. Mpaka lini sisi tutachanga karo? Serikali ilisema elimu ya sekondari ya kutwa ni bure, shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na shule zalia kwamba hazipati zote. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maeneo bunge, mtoto apewa elfu tatu nne, tena kwa kujuana. Kila tukituma, kuna mtu anapumzika kazi yake.

Mwalimu Mstaafu (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Basari hizo usizidharau, kuna watoto ningewapoteza bila hizo. Lakini fahamuni kwamba Mahakama Kuu mnamo Septemba 2024 ilisema sheria ya NG-CDF ya 2015 haipatani na Katiba, na ikaipa mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Za kaunti nazo zina mvutano, kwa kuwa Katiba yaipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, sekondari ni ya serikali kuu. Mtoto wa Kinango hajui mpaka huo. Yeye ajua amerudishwa nyumbani.

Mtu wa Majengo (Hamburg)

Na mimi nasema hatuwachangii kwa huruma. Sisi wa kisiwani tumekua tukinywa maji yao. Chemchemi ya Marere iko Shimba Hills, Kwale, na maji yake yaja Mombasa tangu enzi za mkoloni. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima lafuata barabara ya Nairobi, lapita Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, hadi kwetu. Mtoto wa Samburu aliona bomba likipita kando ya boma lao akaenda kuteka maji kwenye silanga, kidimbwi cha mvua, pamoja na ng'ombe. Sasa lajengwa bwawa la Mwache, huko huko Kinango, na watu wamehamishwa. Nani atakayenywa kwanza? Nauliza kwa dhati, kwa sababu hesabu ya maji ya Mombasa hufanywa kila siku na ya Kinango husubiri mvua. Tangi la lita 10,000 ni sehemu ndogo mno ya deni hilo.

Fundi Likoni (Minneapolis)

Kaka, bwawa lile ni la wote, pamoja na unyunyizaji wa mashamba ya Kwale. Usiseme kama vile hawamo kwenye mpango.

Mtu wa Majengo (Hamburg)

Kuwamo kwenye mpango na kuwa na bomba nyumbani si kitu kimoja.

Binti Kisauni (Leicester)

Ndugu zangu, nawashukuru, na Mwalimu Mola akuzidishie. Karo nimezungumza na kinamama, twachanga upya usiku huu na kulipa shule moja kwa moja. Mwalimu mkuu mmoja amekubali kumpokea mtoto kesho akiwa na godoro na sanduku, wa pili hashiki simu.

Muhtasari wa BOM nimeuomba. Lakini pesa za tangi bado zimekaa, mvua za masika zaanza Machi, na barua ile bado sijui nani atie saini. Je, ni mwenyekiti wetu tu? Wakili wa hapa? Ubalozi? Kuna yeyote wa Uingereza aliyeandika barua kama hiyo ikakubaliwa Mombasa? Hata picha yake, majina yafutwe.

Mjukuu wa Bi Kizee (Toronto)

Dada, mimi sijui ya Uingereza. Ila nasafiri mwanzo wa Machi, nashukia uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Kama yule wa pili bado hajapokelewa, nipe jina la shule niende mwenyewe. Na mwenye vitabu vya Gredi ya 10 vya Fizikia au Kiswahili aniandikie kando, begi langu moja liko tupu.