Da Gama: Malindi hadi India siku 23, kurudi karibu miezi mitatu. Ni upepo tu?

Nanga_Mbili aliuliza:

Wakuu, nasoma safari ya kwanza ya Vasco da Gama na kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Wakati wa kwenda aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na tarehe 18 Mei akaiona milima ya Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India. Wakati wa kurudi aling'oa nanga kisiwani Anjediva, kusini mwa Goa, tarehe 5 Oktoba 1498, na pwani ya Afrika hakuiona mpaka tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Merikebu zilikuwa zilezile tatu, na njia ya kurudi ilikuwa fupi kidogo.

Jibu la "upepo wa msimu" halinitoshi. Upepo ulifanya nini hasa miezi ile? Rubani wa Malindi alichangia kiasi gani, na ni kweli alikuwa Ahmad ibn Majid, yule mwanamaji mashuhuri wa Kiarabu? Halafu, mtu aliyekwisha kuona jinsi kusi, upepo wa msimu utokao kusini, inavyobeba chombo, kwa nini hakungoja msimu wa kurudi?

Kusi_Kaskazi:

Tuanze na hesabu, maana inaonyesha ukubwa wa tatizo. Malindi hadi Calicut, bandari ya Malabar alikofikia, ni kama maili 2,300 za baharini. Gawanya kwa siku 24, tarehe kwa tarehe (zile 23 ni siku za kutoiona nchi kavu), unapata maili 96 kwa siku, sawa na maili 4 kwa saa. Huo ni mwendo mzuri kwa merikebu nzito za wakati ule. Anjediva hadi Mogadishu ni kama maili 1,900. Gawanya kwa siku 89: maili 21 kwa siku, hata maili moja kwa saa haifiki. Kwa mwendo huo usukani haukamati maji. Unaugeuza na omo, yaani mbele ya chombo, haigeuki, tanga linapigapiga mlingoti, na mkondo ndio unaoamua chombo kielekee wapi.

Sasa weka kalenda mbele yako. Kusi huanza Aprili ikiwa laini, hukaza Mei, na Juni hadi Agosti huwa kali mno upande wa Malabar hata mabaharia wa zamani walizifunga bandari. Septemba hulegea. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, nayo huanza kujitokeza Novemba, ikatulia vizuri Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Katikati, Oktoba na sehemu ya Novemba, ni maleleji: shwari ndefu, pepo za kugeukageuka, mvua za ghafla.

Da Gama alitoka Malindi katika majuma bora kabisa ya mwaka. Kusi ilikuwa changa, upepo ukija nyuma na ubavuni, bahari haijachafuka. Akatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei, siku chache kabla mvua kubwa za Malabar hazijaanza. Hata hivyo mahali pale palikuwa wazi kwa mawimbi, na mfalme wa Calicut, Zamorin, alimpelekea rubani wa kuzihamishia merikebu Pantalayini, kaskazini kidogo, palipo na hifadhi. Angechelewa majuma matatu tu Malindi, angefika India wakati hakuna chombo chenye akili kilicho nje.

Oktoba alifanya kinyume chake. Alitoka pwani wakati kusi imekufa na kaskazi haijazaliwa. Shajara ya safari, iliyoandikwa na mtu aliyekuwemo, inataja shwari za mara kwa mara na upepo wa omo. Hapo umbo la matanga lilimwongezea taabu. Merikebu zake mbili kubwa, São Gabriel na São Rafael, zilikuwa na matanga ya mraba kwenye milingoti miwili ya mbele, na tanga la pembetatu kwenye galme, mlingoti wa nyuma, tu. Tanga la mraba ni zuri sana upepo ukitoka nyuma, lakini kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo unakotoka, haliwezi: ukilisogeza chini ya nyuzi 65 hivi kutoka upepo unakotoka, linarudi nyuma. Jahazi lenye tanga la pembetatu lingeweza kupiga bisho, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, na kupata maili kadhaa. Merikebu zile zilipiga bisho siku nzima zikajikuta karibu palepale. Merikebu ya tatu, Berrio, iliyokuwa ndogo na ya matanga ya pembetatu, ingeweza kufanya vizuri zaidi peke yake, ila ilibidi iwangoje wenzake.

Ushahidi mkubwa uko mwisho wa safari. Manahodha walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba wakipata upepo wa kuwarudisha India, watarudi. Badala yake ukaingia upepo mzuri, na ndani ya siku 6 wakaiona nchi kavu. Hiyo ilikuwa mwisho wa Desemba: kaskazi imeingia kama inavyoingia kila mwaka.

Dira_na_Nyota:

Naongezea suala la rubani. Kwanza, namna alivyopatikana haikuwa ya kirafiki kama inavyosimuliwa. Da Gama alifika Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili akiwa na mateka aliowakamata kwenye chombo siku ileile. Alikataa kushuka pwani. Yeye na mfalme walikutana tarehe 18 kila mmoja chomboni mwake, na mwandishi wa shajara anaeleza pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa pwani atazitambua mara moja: ni siwa. Tarehe 22 mtu wa karibu wa mfalme alikuja merikebuni bila rubani aliyeahidiwa. Da Gama akamzuia mpaka rubani alipoletwa, na siku mbili baadaye wakaondoka.

Kuhusu Ibn Majid: dai hilo linatoka kwa mwanahistoria Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baadaye katika karne ya 16. Wareno wenyewe hawasemi hivyo. Shajara inamwita rubani Mkristo (wageni hawa waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo), na mwanahistoria Mreno João de Barros anamwita Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Caná, ambalo ni cheo, "malemo" akiwa mwalimu wa chombo. Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, eneo la Ras al-Khaimah ya leo, si wa Gujarat, na katika maandishi yake hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno. Kwa maoni yangu dai hili liachwe. Linampa lawama mtu mmoja mashuhuri kwa maarifa ambayo marubani wengi wa bahari ile walikuwa nayo. Bandarini Malindi wakati uleule kulikuwa na vyombo vinne kutoka India, kwa hiyo mjuzi wa njia ile hakuwa mtu adimu.

Mchango wake ulikuwa nini kwa vitendo? Mambo mawili. La kwanza ni tarehe ya kuondoka, ambayo Kusi_Kaskazi ameieleza. La pili ni kupima latitudo. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Calicut kama nyuzi 11 kaskazini, na nyota ya kaskazini ndiyo kipimo. Wareno walikuwa hawajaiona tangu wavuke ikweta katika Atlantiki. Shajara inaandika kwamba waliiona tena Jumapili tarehe 29 Aprili. Marubani wa Bahari ya Hindi walitumia kibao kidogo cha mbao chenye uzi wa mafundo. Unashika fundo kwa meno, unanyoosha kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Fundo linaloingia menoni ndilo linalokwambia uko mkabala na bandari ipi. Kipimo chao kiliitwa kidole, nacho ni kama nyuzi 1.6. Astrolabu ya Wareno, duara la kupimia kimo cha jua au nyota, inataka itulie ikining'inia, na kwenye sitaha inayoyumba hilo ni gumu. Da Gama alilazimika kushuka pwani kupata kipimo cha kuaminika. Barros anasema rubani alionyeshwa astrolabu ya mbao na za chuma na hakushangaa hata kidogo.

Ukishajua latitudo ya bandari, kazi inakuwa rahisi: panda kaskazini mpaka nyota ifike kimo chake, kisha ushike mashariki mpaka milima itokee.

Nanga_Mbili:

Asanteni, hili la maili 21 kwa siku limenifungua macho. Lakini bado: kwa nini hakungoja? Na watu wangapi walikufa katika kuvuka huko?

Tezi_Omo:

Walikufa 30, juu ya 30 wengine waliokwisha kufa kabla, katika watu takriban 170 walioondoka Lisbon Julai 1497. Kila merikebu ilibaki na watu 7 au 8 tu wenye nguvu za kuiendesha, na hao nao hawakuwa wazima.

Kilichowaua ni kiseyeye. Mwili ukikosa vitamini C, akiba yake huisha taratibu, na dalili hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu: ufizi unavimba mpaka unafunika meno, mgonjwa hawezi kula, miguu inavimba, majeraha ya zamani yanafunguka. Chakula cha safari kilikuwa biskuti kavu, nyama ya chumvi na divai, ambavyo havina vitamini hiyo ya kutosha. Sasa linganisha. Siku 23 hazitoshi kumwangusha mtu aliyekula matunda Malindi. Siku 89 zinatosha kabisa. Kwa hiyo upepo na ugonjwa havitenganishwi: kila juma la shwari lilikuwa linakula akiba ya miili yao.

La kuhuzunisha ni kwamba dawa ilikuwa imeshapita mikononi mwao. Wakati wa kwenda, Aprili 1498, mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa shajara anasema wagonjwa wote walipona pale, akaisifu hewa ya mahali. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 jambo la kwanza walilotaka ni machungwa, na yaliletwa, ila kwa wengi wa waliokuwa hoi yalichelewa na wakafia hapo.

Matokeo ya upungufu wa watu ndiyo hatima ya São Rafael. Hii ilikuwa imewahi kupanda mwamba mkabala na Mtangata, ambayo magofu yake ya Tongoni yako kusini mwa mji wa Tanga. Aprili 1498, saa mbili kabla ya kupambazuka, iligota. Maji yalipokupwa ikabaki juu. Walipeleka nanga mbali kwa mashua, wakangoja maji yajae, ikaelea. Waliporudi, tarehe 13 Januari 1499, waliichoma moto mahali hapohapo. Haikuwa imeharibika kiasi cha kuachwa. Watu wa merikebu tatu hawakuwepo tena. Shehena iligawanywa kwa São Gabriel na Berrio. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli waliiondoa kwanza, nayo iko Lisbon katika makumbusho ya bahari.

Kusi_Kaskazi:

Kuhusu kungoja: alitaka kuondoka kwa sababu mambo ya Calicut yalikuwa yameharibika. Zawadi alizompelekea Zamorin zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia 6, marijani, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, mapipa 2 ya mafuta na 2 ya asali. Maofisa wa mfalme walicheka, wakasema mfanyabiashara maskini kabisa wa Makka hutoa zaidi. Baadaye alidaiwa ushuru wa bandari kama mfanyabiashara mwingine yeyote, bidhaa zake zikazuiwa pamoja na watu wake, naye akakamata watu wa pwani kuwa rehani. Aliondoka tarehe 29 Agosti na baadhi ya watu hao wakiwa bado merikebuni. Baada ya hapo Calicut hakuweza kurudi.

Anjediva palikuwa na maji mazuri, na walizilaza ubavu Berrio na São Gabriel wakazisafisha. Kama angekaa hapo mpaka mwisho wa Novemba, angeweza kuvuka kwa mwezi mmoja hivi. Lakini vyombo vilianza kuja kuwachunguza, na mtu waliyemkamata hapo, aliyejulikana baadaye kama Gaspar da Gama, alikiri kwamba vyombo vinakusanywa ili kuwashambulia. Kwa merikebu tatu na watu waliokwisha kupungua, kukaa miezi miwili mahali panapojulikana ilikuwa hatari ya wazi. Alichagua bahari, na alichagua bila mwalimu wa kumwambia kwamba Oktoba haivukiki.

Wareno walijifunza upesi. Pedro Álvares Cabral, aliyefuata, aliiacha Malabar Januari 1501 na Februari alikuwa tayari upande wa Malindi. Da Gama mwenyewe katika safari ya pili aliondoka Lisbon Februari 1502, na Julai alikuwa Kilwa akimlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Baadaye ratiba ikawa ya kudumu: kutoka Lisbon Machi au Aprili ili kuidaka kusi Agosti, na kutoka India Desemba au Januari na kaskazi. Merikebu iliyochelewa kufika Kisiwa cha Msumbiji ilikosa kusi na kulala pale miezi mingi mpaka msimu mwingine, na homa ya kisiwa hicho ilizika mabaharia wengi.