Mjadala: Kimbunga kikitangazwa, mvuvi azuiwe pwani kwa nguvu?

MtuWaKilindoni: Wadau, nauliza kwa nia njema. Usiku wa tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu hapa kwetu Mafia na kikaishiwa nguvu hapahapa. Boti za Dar na Unguja zilisimamishwa siku hiyo, na hakuna aliyelalamika sana. Lakini abiria akizuiwa amekosa safari, mvuvi akizuiwa amekosa ugali wa usiku ule. Wako waliotii tangazo, wako waliotoka. Swali langu: Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa tahadhari, serikali iwe na haki ya kumkamata mvuvi asishushe chombo? Na kama ndiyo, siku zile analipa nani?

BaharIkoJuu: Azuiwe, tena kwa askari. Maiti haili ugali. Tatizo letu watu wa pwani tunaujua ukweli na hatuusemi: mvuvi haisikilizi redio, anamsikiliza mzee mmoja aliyekaa chini ya mkungu akitazama mawingu. Wenzetu wana setilaiti, sisi tuna mkungu.

NahodhaMstaafu: Mzee huyo wa chini ya mkungu ni mimi. Nimeendesha jahazi miaka thelathini na mbili, sijapoteza baharia hata mmoja. Hebu hesabu nawe kijana. Tufani ya Unguja ya 1872 ilikuwa Aprili. Kimbunga cha Lindi cha 1952, Aprili. Kenneth 2019, Aprili. Jobo 2021, Aprili. Hidaya, mwanzo wa Mei. Unajua hicho ni kipindi gani? Tanga mbili. Kaskazi inaaga, kusi haijashika. Babu yangu hakuwa na setilaiti, lakini aliniambia katika tanga mbili usiuamini upepo hata ukiwa mzuri. Sasa niambie nani alichelewa kujua, yeye au wewe?

BaharIkoJuu: Shikamoo mzee. Sikukukusudia wewe. Lakini tanga mbili inarudi kila mwaka na kimbunga hakirudi kila mwaka. Mkungu hautakuambia kinakuja Jumamosi.

NahodhaMstaafu: Marahaba. Jobo uliambiwa Jumapili, kilikuja Jumapili?

MsomaRamani: Naomba niingie hapo, maana Jobo imegeuzwa fimbo ya kuwapigia watu wa hali ya hewa. Kimbunga kinakula joto la maji. Bahari ikiwa chini ya nyuzi 26 au 27 hakipati chakula, na hata maji yakiwa ya moto, upepo wa juu ukienda upande mmoja na wa chini upande mwingine, kinapasuliwa kichwa na kiwiliwili. Jobo kilikuja kikielekea maeneo ya Dar es Salaam, kikafifia njiani. Hilo si uongo wa mtabiri. Tulisalimika. Mtu akikuambia kuna nyoka njiani, ukapita nyoka akiwa amekwenda zake, utamshitaki?

Halafu tuache kudhani hili ni jambo la Msumbiji peke yake. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia haupindishi upepo vya kutosha, kwa hiyo vimbunga havizaliwi huko na ni nadra kufika. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini. Lakini Mafia ipo karibu nyuzi 8, Lindi na Mtwara nyuzi 10. Hiyo ndiyo tofauti ya usingizi wa Mombasa na usingizi wa Mtwara. Na hata Kenya, wiki chache baada ya Hidaya, Kimbunga Ialy kilipita baharini na upepo wake wakausikia.

BintiHidaya: Nimesoma toka juu, kila mtu "Hidaya kiliharibu", "Hidaya kiliingia". Mama yangu anaitwa Hidaya. Hidaya ni zawadi. Ni jina la uongofu pia kwa anayejua. Wiki ile mtoto wa dada yangu, naye Hidaya, alirudi kutoka madrasa analia kwa sababu wenzake walimkimbia wakipiga kelele kimbunga, kimbunga. Nani aliyekaa mahali akaamua balaa lipewe jina la heshima la mwanamke wa Kiislamu? Jibuni hilo kwanza.

Kizimkazi77: Dada, umesema kweli kabisa. Haya ni mambo ya Wazungu. Wanakaa kwao wanachagua majina yetu.

MsomaRamani: Si Wazungu. Majina ya vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hutolewa na nchi za ukanda huu wenyewe, orodha ikapangwa kwa herufi kabla msimu haujaanza. Msimu ule ulianza na Alvaro, Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo, Gamane. Kikafika cha nane, kikapata herufi H. Anayetangaza jina ni Madagaska au Morisi, kutegemea kimbunga kimezaliwa wapi. Hakuna aliyemkusudia mama yako, dada yangu.

BintiHidaya: Kwa hiyo aliyelitoa jina ni jirani yetu. Ndiyo inauma zaidi. Mzungu ningemsamehe kwa kutojua.

Kizimkazi77: Viitwe kwa namba basi. Kimbunga namba moja, namba mbili. Tufani ya 1872 haikuwa na jina na hadi leo inakumbukwa. Ndiyo ilimaliza karafuu zote za Pemba, ukulima wa karafuu ukahamia Unguja.

MpembaWaWete: Umegeuza jahazi juu chini! Tufani ilipiga Unguja. Mikarafuu ya Unguja ndiyo iliyong'oka, na meli za Sultan Barghash zikaangamia bandarini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba la karafuu la dunia. Historia ya watu msiiandike mkiwa mnasinzia.

Kizimkazi77: Sawa, nimekosea kisiwa. Lakini hukukanusha kuhusu namba.

MsomaRamani: Namba hazikai kichwani. Mama anayeanika mwani Paje hatakumbuka namba nane ya msimu wa 2023 na 2024. Hidaya atalikumbuka. Jina lipo ili watu waogope kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na nikupoze moyo, BintiHidaya: huku kwetu jina likishatumika halirudiwi.

BintiHidaya: Halirudiwi baharini. Darasani linarudiwa kila siku.

MtuWaKilindoni: Wadau, nilikuwa nimeuliza habari ya mvuvi.

MuscatMwanaPwani: Assalaam alaykum. Niko Muscat miaka kumi na tisa, nimeviona viwili. Gonu, Juni 2007, mabonde yaligeuka mito na barabara zikakatika vipande. Shaheen, Oktoba 2021, kikapiga pwani ya Batinah. Shaheen ni jina la ndege kozi, ndege wa heshima kwa Waarabu, sikusikia mtu akilia. Lakini nimekuja kujibu swali la mwenye mada. Serikali huku ilitangaza mapumziko ya siku mbili kabla Shaheen hakijafika, ofisi na kampuni zikafungwa, watu wakakaa nyumbani. Hakuna aliyebishana kwenda kazini kwa sababu siku zile hazikukatwa. Kwetu kumwambia mtu akae ndani ni kumwambia alale njaa. Anzeni hapo.

BaharIkoJuu: Ndugu wa Muscat, usitulinganishe na nchi ya mafuta. Na huko aliyelipwa ni mwenye mshahara. Mvuvi wa Batinah alilipwa na nani?

MuscatMwanaPwani: Kwa mvuvi wa Batinah umenishika. Lakini usinifungie mlango kwa neno mafuta. Siku mbili za chakula kwa kaya za wavuvi wa kijiji kimoja si bei ya kisima cha mafuta.

DadaWaSomanga: Nyote mnazungumza bahari kana kwamba Hidaya ni habari ya ngalawa. Mimi ni wa Kilwa. Sisi kilitupiga kwa mvua. Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika Somanga, ikakatika Mikereng'ende, maji yakabeba makalavati. Mikoa miwili ikafungiwa kama chungu kilichofunikwa. Malori yalisimama na mizigo, mabasi yalisimama na wagonjwa. Nilikuwa na kuku wa biashara niliokuwa nimewapakia kwenda Dar, sitaki hata kusimulia. Kimbunga kilikwisha usiku mmoja, barabara ilichukua siku. Ukiniuliza mimi, mvuvi alikaa nchi kavu kwa hiari yake, mimi nilikaa kwa sababu daraja halipo. Na mimi analipa nani?

Kizimkazi77: Watu wa kusini mmezoea kulia barabara tangu uhuru.

DadaWaSomanga: Tangu uhuru tumezoea kuipita. Wewe tufani yako ya mwisho ni ya 1872 na hata kisiwa chake hukukijua. Usinizungumzie kusini.

NahodhaMstaafu: Kizimkazi, mwombe radhi dada yako. Mtu aliyepoteza mali hajibiwi hivyo.

Kizimkazi77: Nisamehe dada. Nimeteleza.

DadaWaSomanga: Yamepita.

MngazidjaMoroni: Mimi nazungumza kutoka Komoro, na Kiswahili changu mnisamehe. Kenneth kilitupitia kabla ya kufika Msumbiji, lakini ninalotaka kulisema ni la Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa. Desemba 14, 2024, Chido kilipiga kisiwa kile. Tahadhari ilitoka mapema, kulikuwa na mahali pa kukimbilia. Lakini ndugu zetu wa Nzwani, kisiwa chetu kingine, wasio na karatasi za ukaazi, wanaoishi vibanda vya mabati milimani, wengi wao hawakwenda. Walidhani ni mtego wa polisi, kwamba wakijipanga mlangoni watapakiwa na kurudishwa. Wakabaki chini ya mabati. Kwa hiyo yule aliyesema mvuvi azuiwe kwa askari, nakuomba ufikiri tena. Mtu aliyezoea kumkimbia askari siku ya jua hatamfuata siku ya upepo.

BaharIkoJuu: Hili limenigusa, sina jibu la haraka. Neno askari nalirudisha. Lakini bado nasema mvuvi azuiwe. Mwenyekiti wa kijiji na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wakae mwaloni, wawe wao.

MtuWaKilindoni: Ahsante. Na je, BMU watamzuia tajiri wa chombo? Maana hapo ndipo penye fundo.

DagaaUsiku: Nilikuwa nasoma tu, nilisema sitaandika. Mwenye mada ameligusa.

Mimi ni baharia wa ringineti, wavu wa kuzungushia dagaa, si mwenye chombo. Wengi hapa hamjui kazi yetu inaendaje. Dagaa tunawavua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaji kwenye taa, tunashona nyavu. Sasa tazameni kalenda. Hidaya kilikuja mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, umebakiza siku chache, mwezi umekwisha, giza tupu. Zile ndizo siku zetu. Mwezi mzima tunakopa madukani tukisubiri giza. Na tajiri alishanunua mafuta na barafu.

Tangazo nililisikia. Mzee wa chini ya mkungu pia nilimsikia, walisema jambo lile lile, sijui mnagombania nini. Nilisema siendi. Wenzangu wanne wakasema hawaendi. Chombo kimoja cha jirani kilitoka, kikarudi saa mbili usiku, watu wakiwa wazima na wavu umekatwa. Usiku ule upepo uling'oa mabati ya banda letu la kuanikia, tulikuwa tunayasikia yakipita juu kama ndege.

Asubuhi tajiri aliniuliza swali moja: mafuta haya na barafu hii iliyoyeyuka, hasara ya nani? Mimi nilidhani ni ya Mungu. Aliandika ni yetu, tuliokataa. Akawa anakata kwenye kila mgao. Nimemaliza kulipa mwezi wa nane.

BintiHidaya: Subhanallah. Barafu iliyoyeyuka mnailipa nyinyi?

DagaaUsiku: Na mafuta ambayo hayakuchomwa, dada. Aliyatumia safari iliyofuata.

MsomaRamani: Hiyo haikubaliki. Tahadhari ikishatangazwa rasmi, baharia aliyekataa kutoka asidaiwe kitu. Liandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji, halihitaji bunge.

BaharIkoJuu: Liandikwe, ndiyo. Lakini liandikwe na nani, ikiwa mwenyekiti wa BMU ndiye mwenye vyombo vitatu?

DagaaUsiku: Kwetu ana vinne.

MuscatMwanaPwani: Kaka, tangazo likija tena utafanyaje?

DagaaUsiku: Nina watoto watatu na deni la dukani. Sitaki kuwadanganya hapa. Tangazo likija mbalamwezi nitakaa. Likija giza, sijui.

NahodhaMstaafu: Mwanangu DagaaUsiku, tajiri huyo usimtaje jina hapa. Lakini kwa maneno yako nimeshajua mwalo wenu ni upi, na baba yake nilisafiri naye. Kesho baada ya Alasiri njoo na wale wenzako wanne. Njoo na daftari la makato kama unalo.

DagaaUsiku: Ninalo mzee. Tutakuja.