Zodiac, yule muuaji wa California, aliitoa wapi ile kauli ya mnyama hatari?

Wakuu, habari za usiku. Jana nimerudia The Most Dangerous Game ya 1932, ile ya Count Zaroff anayewinda watu kisiwani kwake, na usingizi ukakata. Fumbo la alama 408 ambalo Zodiac aliyagawia magazeti matatu ya California Julai 1969, mwalimu mmoja na mkewe walipolifumbua, lilisema binadamu ndiye mnyama hatari kuliko wote. Sasa tazameni filamu inavyoanza: mkono unagonga mlango, na kigongeo ni nusu mtu nusu farasi, mshale umemzama kifuani, kambeba mwanamke. Kwa wanajimu huyo ni nyota ya Mshale, moja ya zile kumi na mbili ziitwazo zodiac! Tena Zaroff, Zodiac, yote yaanza na Z. Mnaonaje?

Jibu: Maneno ya fumbo nakubali, dada. Ila hadithi iliyozaa filamu hiyo ilitoka 1924, huenda aliisoma tu. Hiyo Z hapana, jina lina asili nyingine: kulikuwa na saa za mkononi za Zodiac, nembo yake duara lenye msalaba, alama ileile aliyotia kwenye barua.

Jibu: Barua ya Januari 1974 inayohesabiwa kuwa yake inaiita The Exorcist, filamu ya kutisha, kichekesho. Sinema alitazama. Mimi huwa nawafikiria wale vijana wawili aliowaua barabara ya Lake Herman Road, Desemba 1968. Ilikuwa miadi yao ya kwanza.

Muulizaji: Ahsanteni. La saa limenishika, Z naiondoa. Wale watoto umenikumbusha vyema, mkuu. Kigongeo bado sikiachii.