Krapf na Rebmann kule Rabai: walikuwa wakifanya nini hasa?

Mkwaju: Wadau, Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani wa karne ya 19, vitabu vya shule humtaja wa kwanza kwa Mlima Kenya na wa pili kwa Kilimanjaro, basi. Maisha yao miongoni mwa Warabai, watu wa vilima vya karibu na Mombasa, hayaelezwi. Naomba mwenye kujua: waliingiaje, lugha waliipataje, safari waliziendesha kwa nini, na mbona waliobatizwa ni wa kuhesabika?

Makuti: Krapf alifika Mombasa 1844 na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mkewe Rosine na mtoto mchanga wakafa kwa homa Julai mwaka huohuo. Rebmann alimkuta Juni 1846, na tarehe 25 Agosti wakahamia Rabai Mpya. Mombasa watu walikuwa na Uislamu wao tayari. Tena Rabai iko vilimani, na wakati ule homa ilidhaniwa kutoka kwenye hewa mbaya ya pwani. Habari ya mbu ilithibitishwa 1897. Kwa hiyo wamisionari walipanda kilima, na homa ikapanda nao.

Barua ya Sultani peke yake isingetosha kuwapa uwanja wa kujenga. Rabai iliongozwa na wazee wa kaya (kijiji chenye boma msituni), na idhini ilikuwa yao. Ugumu ulianzia hapo: kwa Mrabai, mgeni wa heshima huja na ada. Asiyetoa kitu ni bahili. Akitoa nguo na chakula, watu hufuata nguo na chakula, na siku ghala ikiwa tupu hata mahubiri hayana msikilizaji.

Herufi Moja: Nijibu la lugha, maana ndiyo kazi iliyowala miaka. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo cha Biblia kwa Kiswahili tarehe 8 Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Sura 3 za kwanza zilichapwa Marekani 1847. Sarufi ikatoka 1850, kamusi 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kwa lugha ya Warabai, ambayo wao waliiita Kinika, Injili ya Luka ilitoka 1848. (Jina "Wanyika", walilowaita Warabai na jamaa zao, liacheni kwenye hati za kale. Wenyewe ni Mijikenda.)

Mambo mawili ya kuangalia ukizisoma kazi hizo. Kwanza, hati. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini Krapf akashika za Kirumi. Sababu mojawapo ni ya sauti: Kiarabu kina alama 3 za irabu, Kiswahili kina irabu 5, hivyo *e* na *i* huandikwa kwa alama moja, vilevile *o* na *u*. Sababu nyingine hakuificha: aliogopa kwamba herufi zile zingefungua mlango wa Uislamu. Pili, kamusi yake imeegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Ukikosa *kucheka* jaribu *kuteka*. *Macho* ni *mato*, *njoo* ni *ndoo*.

Mtego mkubwa ulikuwa kwenye maana. Mulungu wa Warabai alikuwa Mungu, na palepale neno lilibeba mbingu. Kwa Kiswahili, *dhambi*, *nabii* na *sala* tayari yalikuwa na maana ya Kiislamu. Ukichukua neno lililopo, unachukua na mizigo yake.

Hongo Tayari: Safari ziliendeshwa kwa merikani (kitambaa cha pamba) na shanga, mkuu. Kila mtawala njiani alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na hapo ndipo hesabu iliharibika. Mwaka 1848 Rebmann alikwenda Uchagani na msafara mdogo chini ya kiongozi wa msafara Bwana Kheri, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei. Mwaka 1849 alirudi na mizigo zaidi akikusudia Unyamwezi, akaishia Machame: Mangi (mtawala) Mamkinga alichukua kidogo leo, kidogo kesho, mpaka hapakubaki cha kuwalipa watawala wa mbele. Mzigo mkubwa uliongeza tu hamu ya mwenyeji.

Krapf naye 1851 alikuwa na Kivoi, mkuu wa Wakamba, karibu na mto Tana. Wakavamiwa, Kivoi akauawa, Krapf akapotea porini bila kibuyu. Alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi na vitambaa. Miiba ikazing'oa nyasi, maji yakamwagika.

Makuti: Kuhusu ubatizo: wa kwanza ni Mringe, mlemavu, 1851, akiwa kitandani kwa kufa. Tazama hali yake. Mtu mwenye nguvu zake angebatizwa kwa hasara: atoke kwenye sadaka za koma (mizimu ya wahenga), akose nafasi kwenye mwanza, ngoma ya siri ya wazee ambayo wasioingizwa kwenye daraja lao hawakuruhusiwa hata kuiona, na wazee wa kaya wamwone amejitenga. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alikaa hadi 1875, akarudi Ujerumani kipofu.

Mkwaju: Lakini baadaye Rabai ilijaa Wakristo?

Makuti: Ilijaa watoro. Watumwa waliotoroka pwani walikimbilia misheni, na wenye watumwa wakaja kuwadai. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliwalipa fidia kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni. Watoro walikosa ukoo pale, kwa hiyo kuingia kanisani hakukuwagharimu nafasi ambayo Mrabai angeipoteza kwa watu wake.

Herufi Moja: Na tusichanganye Rabai na Ribe. Ribe ni ya Wamethodisti, 1862, ingawa Krapf ndiye aliyewaleta.