Tupeane uzoefu: Kulala kwenye mabanda ya msituni Mlima Kenya (Met Station na Chogoria)

Njia ya Naro Moru
Wadau, mimi Njia ya Naro Moru ndiye naanzisha mada: kila msimu wa kiangazi maswali ni yale yale: tubebe nini, tupikie nini, kuna baridi kiasi gani? Mwenye ujuzi auweke hapa, na tuwe mahususi: kiasi, hatua, kinachoharibika na kwa nini.

Naanza na Met Station. Iko mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, msitu ukikaribia kuisha, kama kilomita 10 kutoka geti la Naro Moru. Unachopata ni paa, kuta na kitanda. Umeme wa gridi haufiki. Jiko, sufuria, taa, chakula na matandiko unajibebea. Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen (mfumo wa serikali wa mtandaoni), kwa hiyo lipia ukiwa bado mjini ambako mtandao una nguvu, na risiti uipige picha ikae kwenye simu. Kumbuka pia kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazikubaliki hifadhini. Maji ya chupa za dukani yasiwe kwenye hesabu yako. Beba mtungi mgumu wa lita 10, na uhesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja.

Asubuhi mlima huwa wazi, adhuhuri mawingu yanapanda, alasiri mvua inanyesha. Fika kabla ya saa tisa, kwa sababu nguo zikilowa huko hazikauki hadi urudi nyumbani.

Kuni Kavu
Niongezee Chogoria. Mabanda yako karibu na geti la hifadhi, kama mita 2,950, na yana meko ya ukutani yenye dohani. Hapo ndipo watu wengi hukosea, basi nieleze polepole.

Usiokote kuni msituni. Kwanza ni marufuku. Pili, tawi lililolala kwenye ukungu limejaa maji: joto lote la moto linaishia kukausha kuni badala ya kukupasha wewe. Ulizia kuni kabla hujapanda, na uzipasue upya hata kama zinaonekana kavu, maana unyevu hukaa nje na kiini huwa kikavu. Kwa jioni moja unahitaji mzigo wa mikono miwili wa mapande unene wa kifundo cha mkono, na vijiti unene wa kidole gumba vya kujaza sufuria kubwa.

Moshi ukirudi chumbani, mara nyingi si kwamba dohani imeziba. Hewa iliyo ndani yake ni baridi na nzito, imekaa kama kizibo. Washa karatasi, iinue karibu na mdomo wa dohani kwa dakika moja, na ufungue dirisha upana wa vidole viwili ili moto upate hewa ya kuvuta. Ukisikia mvumo, washa vijiti. Mapande yafuate baada ya dakika kumi, mawili kwa wakati. Mwerezi unawaka vizuri ila unarusha cheche, kwa hiyo godoro na mablanketi yakae mita 2 mbali.

Kabla ya kuondoka, mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena, kisha weka kiganja juu yake bila kugusa. Ukihisi joto, bado. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huu, na anayeutumia msitu lazima alibebe hilo moyoni.

Sufuria ya Pili
Dada Kuni Kavu kamaliza moto, mimi nishike jikoni. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Yanatokota kwa kelele lakini hayana joto la Mombasa. Maharage makavu na githeri mbichi msijaribu, mtamaliza gesi bado yana mawe. Chemsheni nyumbani hadi yaive kabisa, mchuje maji, mbebe kwenye kopo la kufunika. Wali unakubali: ongeza nusu kikombe cha maji kwa kila vikombe viwili vya mchele, funika, weka jiwe juu ya kifuniko. Ugali nao unaiva, upe muda zaidi.

Maji ya kunywa, yawe ya bomba au ya kijito, yatokote dakika 3 kamili. Mkitumia vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja ni cha lita 20. Maji ya baridi kali yanahitaji saa nzima badala ya nusu saa.

Kopo dogo la gesi huishiwa nguvu alfajiri hata kama halijaisha, kwa sababu butani haigeuki mvuke vizuri karibu na nyuzi sifuri. Lala nalo ndani ya blanketi au nunua lenye mchanganyiko wa propani.

Swali la haraka
Jiko la makaa linafaa kupasha chumba joto usiku?

Kuni Kavu
Hapana, ndugu yangu, hata dakika tano kabla ya kulala. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Ubaya wake mlimani ni kwamba dalili zake ni maumivu ya kichwa na kichefuchefu, sawasawa na za ugonjwa wa mwinuko, mtu anajifunika tena akidhani ni kimo cha mlima. Kama wote chumbani wameumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Mgeni wa Mandara
Salamu kutoka Moshi. Mandara, kituo cha kulala Mlima Kilimanjaro, mita 2,720 njia ya Marangu, moto wa kuni hauruhusiwi, kwa hiyo tunategemea matandiko. Baridi nyingi hutoka chini: weka blanketi moja chini yako kabla ya kuongeza la juu. Chupa ya chuma yenye maji moto ndani ya soksi, katikati ya mapaja, inafaa kuliko miguuni. Simu na pawabenki vilale na wewe, betri ikipoa hupoteza chaji. Paneli ya sola chini ya miti haina kazi.

Njia ya Naro Moru
Asanteni. Wanyama: kima wa Met Station wanajua kufungua zipu, kwa hiyo dirisha lifungwe kwa komeo hata ukienda chooni. Usiku panya huja, chakula kikae ndani ya sufuria yenye kifuniko, si kwenye begi. Na choo cha usiku nendeni wawili. Fungua mlango nusu, zungusha tochi taratibu ukitafuta macho yanayong'aa. Nyati akiwepo, funga, subiri. Ndoo ya haja iwe ndani tangu jioni.